Kisha Kaskazini Hadi Kwenye Barafu: Mstari wa Kashmir na Mahali Kalamu Ilipochoka

Tarehe 27 Julai 1949, mjini Karachi, maofisa wa kijeshi wa India na wa Pakistan walitia saini makubaliano ya kuchora mstari wa kusitisha mapigano Kashmir. Ukiyasoma, ni kama mtu anamwelekeza mgeni njia: anzia Manawar kule kusini, pita kijiji hiki, panda kilele kile, fuata kijito mpaka mahali fulani. Kwa mamia ya kilomita waandishi hawakuchoka. Walipofika Chalunka, kijiji kilicho kando ya mto Shyok, na baada yake Khor, wakafunga kazi kwa maneno matano: kisha kaskazini hadi kwenye barafu.

Mbele ya hapo hakukuwa na kijiji, barabara wala malisho. Nani angepigania barafu? Miaka thelathini na mitano baadaye jibu lilipatikana, na wanajeshi wako huko mpaka leo.

Kashmir inapotajwa, wengi huwaza dini, mabomu ya nyuklia na chuki ya ndugu waliogawana nyumba. Hayo yote yamo. Lakini ukikaa na ramani utaona jambo la kiufundi ambalo wachambuzi wengi hulipita mbio, nalo ni namna mstari wenyewe ulivyoandikwa. Pale ulipoandikwa hatua kwa hatua, umestahimili vishindo ambavyo vingeuvunja mpaka wowote. Pale walipofanya uvivu, watoto wa watu wamezikwa na theluji.

Kwa asiyefuatilia, mwanzo wake ni huu. Agosti 1947 Uingereza iliondoka, India na Pakistan zikazaliwa. Jammu na Kashmir, dola yenye raia wengi Waislamu chini ya mtawala Mhindu, Maharaja Hari Singh, ikasitasita kuchagua upande. Oktoba 22 wapiganaji wa makabila kutoka kaskazini magharibi mwa Pakistan waliingia. Tarehe 26 Maharaja akasaini kujiunga na India, na kesho yake ndege zikaanza kushusha wanajeshi wa India Srinagar. Mapigano yalisimama 1 Januari 1949. Umoja wa Mataifa ulitaka kura ya maoni ipigwe, haijapigwa. Ulileta waangalizi wa kijeshi, nao bado wapo.

Kwa hiyo neno "mpaka" halifai hapa, na pande zote mbili hulikwepa kwa makusudi. Mpaka hukubaliwa na majirani wawili. Huu ni mstari wa pale ambapo askari walikuwa wamesimama walipoambiwa waache kufyatua risasi. India inadai eneo lote la dola ya zamani ni lake. Pakistan inasema hatima ya eneo haijaamuliwa. Hata kipande cha ardhi tambarare karibu na mji wa Sialkot, Pakistan, hawakubaliani jina lake: India inasema ni mpaka wa kimataifa na Pakistan inasema ni mpaka wa muda wa kufanyia kazi tu.

Mstari wa 1949 ulipita salama vita vya 1965. India iliteka kipito cha Haji Pir, ikakirudisha baada ya makubaliano ya Tashkent ya Januari 1966. Vita vya Desemba 1971, vilivyoizaa Bangladesh, ndivyo vilivyoubadilisha. Wakati huo kila upande ulikuwa umeshika vipande vya mwenzake milimani. Tarehe 2 Julai 1972, Indira Gandhi na Zulfikar Ali Bhutto walikubaliana mjini Simla kwamba mstari uliotokana na usitishaji mapigano wa 17 Desemba 1971 utaheshimiwa na pande zote bila kuathiri msimamo wa yeyote, na kwamba hakuna atakayejaribu kuubadili peke yake. Ukapewa jina jipya: Mstari wa Udhibiti.

Simla ndiyo siku watu huikumbuka. Mimi naona kazi yenyewe ilifanywa baadaye, na wanajeshi, kwenye vikao vya Suchetgarh na Wagah, vituo vya mpakani. Maofisa waliketi na ramani wakabishana kilele kwa kilele. Kijiji kimoja kidogo cha tambarare, Thako Chak, ambacho ukubwa wake haufiki hata kilomita za mraba tano, kilikwamisha shughuli nzima kwa miezi. Ikabidi wakuu wa majeshi wenyewe, Sam Manekshaw wa India na Tikka Khan wa Pakistan, wakutane Lahore mara mbili kukimaliza. Mwishowe Pakistan ilikiachia, ikapewa vipande vingine vidogo kwingineko.

Ndipo 11 Desemba 1972, Luteni Jenerali P. S. Bhagat wa India na Luteni Jenerali Abdul Hamid Khan wa Pakistan wakasaini ramani pale Suchetgarh: karatasi 27 kwa kila nakala, zikiandamana na maelezo ya maneno. Mstari una urefu wa takriban kilomita 740. Na unaishia wapi? Palepale pa zamani, ukingoni mwa barafu, kwenye alama inayoitwa NJ9842.

Hilo si jina la kijiji wala la kilele. Ni herufi na tarakimu za gridi ya ramani, mahali ambapo penseli iliinuliwa. Wanaume wazima walibishana miezi kwa ajili ya Thako Chak, kisha wakaacha makumi ya kilomita kutoka NJ9842 hadi mpaka wa China bila hata nukta moja. Siwalaumu sana kwa 1949. Ramani za wakati ule zilikuwa duni na hakuna jeshi lililoweza kukaa huko. Lakini 1972 helikopta zilikuwepo, na wapanda milima wa kigeni walikuwa wanakwenda.

Sasa tuyapime yale maneno matano. India inasema mstari usioandikwa hufuata maumbile, yaani mgongo wa milima unaogawa maji. Mgongo huo ni Saltoro, unaokwenda kaskazini magharibi, na ukiufuata mto wote wa barafu wa Siachen unabaki upande wa India. Pakistan inachukua rula kutoka NJ9842 hadi kipito cha Karakoram, kilicho kaskazini mashariki, na Siachen yote inaangukia kwake. Atlasi kadhaa za nje, zikiwemo za Marekani, zilichora mstari wa pili. Kinachochekesha, kama kipo cha kuchekesha, ni kwamba hakuna upande hata mmoja unaokwenda kaskazini. Ukifuata dira kama mkataba ulivyosema, unaukata mto wa barafu vipande viwili, na hakuna aliyewahi kuutaka mgao huo.

Miaka ya 1970 Pakistan ilikuwa inatoa vibali kwa wapanda milima wa kigeni kwenda Siachen. Kwa wanasheria wa mipaka, kibali cha kupanda mlima ni kama kukata risiti ya kodi: kinaonyesha nani mwenye nyumba. Kanali Narendra Kumar wa India, mpanda milima hodari, aliiona ramani ya kigeni iliyochora mstari hadi Karakoram, akawazindua wakubwa wake, na 1978 akaongoza msafara wa kijeshi hadi kwenye barafu. Kuanzia hapo ikawa mbio za kimyakimya. Husimuliwa kwamba India ilijua mwenzake anajiandaa kupanda baada ya kugundua kuwa duka lilelile la London linalowauzia mavazi ya baridi kali limepata oda kubwa kutoka Pakistan.

Tarehe 13 Aprili 1984, siku ambayo Wapunjabi husherehekea Baisakhi, helikopta za India zilishusha askari karibu na kipito cha Bilafond. Baada ya siku chache walishika na cha Sia. Pakistan ilipofika ilikuta milango imefungwa, ikabaki na miteremko ya magharibi na kipito cha Gyong upande wa kusini. Tangu hapo majeshi yanatazamana kwenye mstari wa tatu, wa karibu kilomita 110, usiosainiwa na yeyote. Juni 1987 Waindia waliteka kituo kilichokuwa juu ya mita 6,000, Wapakistani walikuwa wamekiita Quaid. Wakakibandika jina la askari wao Bana Singh.

Siachen, kwa lugha ya Kibalti, ni mahali palipojaa mawaridi ya mwituni. Huko chini mabondeni labda. Huko juu, askari akivua glavu na kushika chuma cha bunduki, ngozi inagandia pale pale. Chungwa huwa gumu kama jiwe, wanalipasua kwa nyundo. Mafuta ya taa ndiyo uhai: yanayeyusha theluji ya kunywa, yanapasha chakula, yanatia joto kijibanda kile cha plastiki ngumu, na masizi yake yanaingia puani hadi makohozi yanakuwa meusi. Hewa haitoshi kulala vizuri. Baridi inafika nyuzi 50 chini ya sifuri. Katika miaka yote hiyo wengi wa waliokufa Siachen, kwa pande zote mbili, hawakupigwa risasi. Wameuawa na mwinuko, nyufa za barafu na maporomoko ya theluji.

Alfajiri ya 7 Aprili 2012 poromoko liliifunika kambi ya batalioni ya Pakistan pale Gayari. Watu 140 walikuwa ndani, 129 kati yao wanajeshi na 11 raia. Wote walikufa, miili ilichimbuliwa kwa miezi. Februari 2016 ikawa zamu ya India: askari 10 wa kituo kimoja walifukiwa, mmoja akatolewa akiwa hai baada ya siku sita, akafa hospitalini Delhi siku chache baadaye. Hakuna kombora hata moja lililorushwa katika visa hivyo viwili.

Weka Siachen pembeni kidogo, tuje Kargil, eneo la milima upande wa India, maana hapo ndipo unaona tofauti ya mstari ulioandikwa.

Majira ya baridi ya 1998 kuelekea 1999, kama ilivyokuwa desturi, vituo vingi vya juu viliachwa mpaka theluji ipungue. Wanajeshi wa Pakistan walipenya na kukaa kwenye vilele vilivyo upande wa India wa Mstari wa Udhibiti, juu ya barabara ya Srinagar hadi Leh, ambayo ndiyo koo la kulisha Ladakh, eneo la mashariki mwa Kashmir, na Siachen yenyewe. Wachungaji waliwagundua Mei. Kwanza Islamabad ilisema ni mujahidina wa Kashmir. Kisha ikaja hoja ya pili, ya kijanja zaidi, kwamba mstari haueleweki vizuri ardhini, kwa hiyo nani anajua amevuka nani.

Hoja hiyo ingefaa sana Siachen. Kule Kargil hoja ilikufa siku ile ile iliyozaliwa. India ilitoa ramani za Suchetgarh zenye saini ya jenerali wa Pakistan. Tololing, Tiger Hill na vilele vingine vilikuwa ndani ya mstari, na mtu yeyote mwenye ramani angeweza kuhakiki. Delhi nayo ilijifunga kwenye karatasi hiyo hiyo: ndege zake za kivita ziliamriwa zisivuke mstari, ingawa marubani walilazimika kushambulia vilele kwa pembe ngumu na ndege zilipotea. Askari zaidi ya 500 wa India walikufa wakipanda miamba usiku. Wengi waliona amri ile ni ujinga. Mimi naiona kama hesabu ya mtu anayejua kwamba ushahidi wake wote ni mstari, na akiuvuka ameuchana mwenyewe. Julai 4, 1999, Nawaz Sharif alikwenda Washington kuonana na Bill Clinton, na tamko lililotoka lilizungumzia kurejeshwa kwa Mstari wa Udhibiti kwa mujibu wa Simla. Marekani, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa rafiki wa Pakistan kuliko wa India, haikuwa na pa kujifichia.

Sitaki msomaji adhani naisifia kazi ya Suchetgarh kana kwamba haikuumiza mtu. Rudi Chalunka, kile kijiji cha karibu na mwisho katika makubaliano ya 1949. Desemba 1971 kilikuwa chini ya Pakistan. Kikosi cha Ladakh kikiongozwa na Meja Chewang Rinchen kilifuata bonde la Shyok, kikachukua Chalunka, Turtuk, Tyakshi na Thang, kikasimama hapo vita vilipokoma. Walioingia kulala Pakistan wakaamka India. Aliyekuwa amekwenda Skardu, mji wa upande wa Pakistan, kusoma au kufanya kazi wiki ile alibaki huko. Mke huku, mume kule, na bondeni kilomita chache tu. Ramani za 1972 zikaligonga muhuri jambo hilo. Turtuk ilifunguliwa kwa watalii 2010. Leo wageni wanakwenda kula aprikoti zilizoanikwa juu ya paa, na mwenyeji anawaonyesha kwa kidole kilele ambacho nyuma yake wanaishi shangazi zake.

Magharibi zaidi, Keran, mstari ni mto. India inauita Kishanganga, Pakistan inauita Neelum. Ni mwembamba kiasi kwamba ndugu husimama kila mmoja ukingoni kwake wakapungiana mikono, wakipaza sauti kushinda maji. Kuvuka haiwezekani.

Zaidi ya hapo kuna uzio. India iliukamilisha 2004: safu mbili za seng'enge zenye mizunguko, kwa takriban kilomita 550. Haukujengwa juu ya mstari wenyewe, kwa sababu huko mafundi wangelengwa. Umejengwa ndani, mahali pengine kilomita kadhaa. Hivyo vipo vijiji vya India vilivyo nje ya uzio wa India. Mkulima anapita getini kwa kitambulisho, kwa saa zilizopangwa, kwenda kwenye shamba lake au kurudi nyumbani kwake. Kila msimu wa baridi theluji inaulaza uzio, kila masika jeshi linausimamisha tena.

Kulikuwa na jaribio la kuutoboa mstari bila kuugusa, na nalipenda kwa ujanja wake. Aprili 7, 2005 basi lilianza kati ya Srinagar na Muzaffarabad. Abiria walishuka kwenye daraja la Kaman, wakavuka kwa miguu, wakapanda basi la upande wa pili. Pasipoti hazikutumika, kwa kuwa pasipoti ingemaanisha huu ni mpaka wa nchi; walibeba vibali maalumu. Oktoba 2008 ikaja biashara: njia mbili za malori, bidhaa 21 zilizoorodheshwa, hakuna ushuru, hakuna benki wala fedha. Ulipeleka viungo vya thamani fulani, ukaletewa matunda makavu ya thamani ileile. Mali kwa mali, karne ya 21, kisa ni kwamba risiti ya forodha ingekiri kitu ambacho hakuna aliyetaka kukikiri. India iliisimamisha Aprili 2019, ikisema njia hiyo inapitisha silaha na dawa za kulevya.

Basi kwa nini Siachen isifutwe tu, kila mtu ashuke? Walikaribia. Juni 1989 nchi hizo mbili zilitoa tamko la pamoja la kupanga upya majeshi. Baada ya Gayari, mkuu wa jeshi la Pakistan wakati huo, Ashfaq Parvez Kayani, alisema waziwazi kwamba suala hili limalizwe. Lakini kila mara mazungumzo yanajikwaa kwenye jiwe moja. India inasema: kabla hatujashuka, wekeni saini kwenye ramani inayoonyesha nani alikuwa wapi kwenye Saltoro. Pakistan inajibu: tukisaini, tumekubali kwamba mlikuwa na haki ya kupanda 1984. Mmoja anaogopa akishuka bila karatasi mwenzake atapanda, maana Kargil ilimfundisha thamani ya karatasi. Mwingine anaogopa karatasi kwa sababu hiyohiyo.

Wakazi wa Goma na Bukavu wamewaona wanajeshi hawa kwa macho yao. Kwa miaka mingi brigedi ya India ya Umoja wa Mataifa ilikuwa Goma na ya Pakistan ilikuwa Bukavu, kofia za buluu zile zile, ziwa Kivu moja katikati, chini ya kamanda mmoja, bila ugomvi. Ofisa aliyetoka Saltoro angeweza kukutana na mwenzake wa ng'ambo wakinywa chai kwenye kikao cha Kivu. Uadui wao umeandikwa mahali, si damuni.

Mtihani wa mwisho mpaka sasa ulikuja 2025. Aprili 22 watu wenye silaha waliwaua watu 26 Pahalgam, Kashmir upande wa India, wengi wao watalii. Siku iliyofuata India iliusimamisha mkataba wa maji ya mto Indus. Aprili 24 Pakistan nayo ikatangaza kwamba ina haki ya kusimamisha mikataba yote na India, na ikautaja wa Simla kwa jina. Mei 7 India ilishambulia kwa makombora ndani ya Pakistan, mizinga ikanguruma kuvuka Mstari wa Udhibiti na raia wakauawa Poonch na upande wa pili. Siku nne za hatari kuliko nyingi tangu 1971.

Mei 10, saa tisa na nusu alasiri na dakika tano kwa saa za India, mkurugenzi wa operesheni za kijeshi wa Pakistan alimpigia simu mwenzake wa Delhi. Walikubaliana kuacha kuanzia saa kumi na moja jioni. Ndege zilikuwa zimerushwa, droni zimerushwa, miji iliyo mbali kabisa na Kashmir imepigwa. Lakini hakuna jeshi lililovuka kwenda kushika kilele cha mwenzake, na mstari wa Suchetgarh ulikuwa pale pale ulipoachwa na kalamu 1972. Mbele ya NJ9842, zamu za Saltoro ziliendelea kubadilishwa.